Vipindi vya mchana kwenye TV zetu: nani anauliza "kiasi gani" na nani anacheka tu?

Rimoti ya Kawempe (mwanzisha uzi)

Wadau, tuongee vipindi vya asubuhi na mchana vya TV za Uganda: mapishi, urembo, afya, malezi, kazi za mikono, wageni wa kwenye kochi. Habari na siasa zina nyuzi zake, na tamthilia za kutafsiriwa pia.

Kipimo changu ni kimoja. Mtangazaji wa vipindi hivi anakaa pale kwa niaba ya mtu aliye nyumbani, asiyeweza kunyoosha mkono akauliza. Mgeni akisema "tia chumvi kidogo", amkatize hapohapo: kidogo ni kijiko cha chai au cha mezani? Kwa sufuria ya watu wangapi? Na ikizidi, naiokoaje? Wengi hawaulizi. Wanasema "inanukia vizuri!", muziki unapanda, tunaenda matangazo.

Kwenye mahojiano namweka mbele Faridah Nakazibwe, kwa alivyoendesha Mwasuze Mutya, kipindi cha mahojiano cha NTV Uganda. Mgeni akinyamaza, yeye hakukimbilia kujaza kimya. Alingoja, halafu akarudi palepale mgeni aliporuka. Lakini kochi na jiko ni kazi mbili, na jikoni ndiko vituo vyetu vingi vinakoteleza. Leteni maoni, na mlete sababu. "Simpendi tu" haimsaidii mtu.

MamaSigiri

Ndugu Rimoti, jikoni niachie mimi.

Kipengele cha mapishi kikipewa dakika 12, kimependelewa. Luwombo ya kuku, yaani kuku na mchuzi wake ndani ya jani la mgomba, inataka saa 2 hadi 3 za mvuke. Kwa hiyo studio lazima iwe na seti 3: mbichi, ya katikati, na iliyoiva. Hapo hakuna udanganyifu, TV za dunia nzima zinapika hivyo. Kosa letu ni kuiruka ile ya katikati. Tunaona kuku mbichi, matangazo, halafu sahani iliyopambwa kwa nyanya. Na mtu wa nyumbani anaharibia palepale pasipoonyeshwa.

Luwombo haiharibikii kwenye viungo, inaharibikia kwenye jani. Linatakiwa jani changa lililokwisha kufunguka, lisilo na mpasuko hata wa ukucha. Unaligeuza, unachonga mshipa wa katikati kwa kisu upande wa nyuma mpaka ulegee bila kutoboa, kisha unalipitisha juu ya moto wa moshi mpaka rangi ibadilike na likubali kukunjwa. Usipochonga, mshipa unavunjika wakati wa kukunja na mchuzi wote unashukia kwenye maji. Unalilaza kwenye bakuli, unatia nyama na mchuzi, unakusanya kingo juu na kufunga kwa kamba ya mgomba. Chini ya sufuria unapanga vipande vya vikonyo vya majani ili vifurushi visiguse maji, na juu unafunika majani tabaka kadhaa. Maji yakipungua, ongeza yanayochemka, kwa pembeni. Ukimimina ya baridi mvuke unakatika, na muda wote uliohesabu hauna maana tena.

Ni mtangazaji gani amewahi kumwambia mpishi "rudia hapo kwenye mshipa, kamera isogee"? Nitajieni nimfuatilie.

Jambo la pili ni moto. Studio ina gesi au jiko la umeme, watazamaji wengi wana sigiri, jiko la makaa. Mpishi anasema "punguza moto", kwake ni kuzungusha kitufe. Kwenye sigiri unafunga mlango wa hewa, unatoa makaa 3 au 4, au unayafunika kwa majivu, na joto linashuka taratibu. Mchuzi wa karanga ndio unaoumbua watu hapa. Kikombe 1 cha unga wa karanga kinataka vikombe 2 na nusu hivi vya maji, na unga unakorogwa kwanza kwa maji baridi, kwa sababu ukiutupa kwenye yanayochemka unafanya madonge. Ukianza kuchemka unafura na kumwagika ghafla, hivyo sufuria isizidi nusu na kifuniko kiache mwanya. Baada ya hapo ni dakika 30 hadi 40 za moto mdogo, ukikwangua chini kwa mwiko, mpaka mafuta yaanze kutokeza juu. Kwenye TV wanachemsha dakika 5 wanaonja "mmmh!". Wanaonja karanga mbichi hao.

Kigezi Baridi

Mama, ongeza na mwinuko. Vipindi vyetu vinanakili mapishi ya Mombasa, Dar es Salaam na London, miji iliyo karibu na usawa wa bahari. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96. Kabale inakaribia mita 2,000, ni nyuzi 93 hivi. Maharage na nyama ngumu vitachelewa, hata ukiongeza makaa namna gani, maana maji hayapandi juu ya kiwango chake cha kuchemka. Loweka maharage usiku kucha, au tumia sufuria ya presha.

Keki nayo inapanda haraka kisha inazama katikati. Kwa Kampala punguza hamira ya unga (baking powder) kama sehemu 1 ya 8 ya kila kijiko, ongeza kijiko 1 au 2 vya mezani vya maziwa kwa kila kikombe cha kimiminika, na tanuri iwe na joto zaidi kidogo ili keki ishike kabla haijafura kupita kiasi. Huku kwetu Kabale unapunguza zaidi. Wageni waokaji wanaletwa kila wiki na swali hilo haliulizwi, wakati ndilo linalowafanya watu waamini kwamba "mkono wangu hauna bahati na keki".

Fundi Maiki

Nyinyi mnatazama sufuria, mimi nasikiliza. Nusu ya watangazaji mnaowaita wabovu wanaangushwa na sauti.

Chukueni gomesi, lile gauni la heshima la akina mama. Kitambaa chake kingi ni laini cha kung'aa, kinasugua maiki ndogo ya kifuani kila mama akipumua. Dawa yake ni kubana maiki kwenye ukingo wa shingo palipo pagumu, karibu na vifungo, sentimita 15 hadi 20 chini ya mdomo. Waya unafanyiwa kitanzi kidogo na kubandikwa kwa gundi-utepe upande wa ndani, ili ukivutwa, mtikisiko uishie kwenye kitanzi. Kisanduku cha kurushia mawimbi kinakaa nyuma kwenye mshipi. Shanga zivuliwe, au maiki ihamie upande ambao hazifiki. Kazi yote haimalizi dakika 2. Isipofanywa, mtazamaji anasikia "krrsh krrsh" kwa saa nzima na kusema mgeni anachosha.

Kanzu nyeupe ni shida ya kamera. Ukiiacha kamera ijipangie mwanga yenyewe, inaiona ile nyeupe na kupunguza mwanga, na uso wa mzee unabaki kivuli. Mwanga upangwe kwa mkono kwa kufuata uso, na koti juu ya kanzu linasaidia sana. Mistari myembamba ya shati inacheza kwenye skrini kama maji. Na asiletwe mtu mwenye nguo ya kijani mbele ya pazia la kijani, banange, tumeona viwiliwili vinavyopotea.

Binti Bombo

Fundi, na wapiga simu? Kila siku ni "haloo, haloo, mpigaji, uko hewani?", kisha mlio unaotoboa masikio, kisha simu inakatwa. Kwa nini hawajifunzi?

Fundi Maiki

Dada, picha inapofika kwako imeshachelewa. Kutoka studio inabanwa kidijitali, inapanda kwenye setilaiti iliyo kilomita karibu 36,000 juu, inashuka, king'amuzi kinaifungua. Safari ya angani ni kama robo ya sekunde, kubana na kufungua ndiko kunakokula sekunde kadhaa. Simu yako inafika karibu papo hapo. Kwa hiyo mpigaji anayesikiliza TV anasubiri swali ambalo tayari ameshaulizwa, na mtangazaji anadhani laini imekatika.

Kuhusu mlio: sauti ya TV ya mpigaji inaingia kwenye simu yake, inarudi studio, inatoka tena kwenye TV. Mzunguko huo ukifungika ndio unapata mwangwi au kelele. Mtangazaji mzuri anasema mapema, kabla ya kusoma namba: "Ukipiga, nyamazisha TV yako kabisa, nisikilize kwenye simu." Halafu mtu wa chumba cha kuongozea amrudie mpigaji hivyohivyo kabla hajamuunganisha. Ukimsikia mtangazaji akianza kulalamika "punguza TV yako" mpigaji akiwa tayari hewani, ujue nyuma ya pazia hakuna anayepokea simu kwanza.

Kochi la Saa Tisa

Naona mnataka kila kipindi kiwe darasa la sayansi. Mtu amefua, amepika, ameketi saa tisa alasiri. Anataka kucheka. Vipindi vya udaku kama Uncut vina watu wake na sioni dhambi. Mtangazaji wa udaku simpimi kwa vijiko, nampimia kasi na ulimi.

Rimoti ya Kawempe

Nakubali nusu. Udaku nao una vipimo. Jambo limethibitishwa au limesikika? Aliyetajwa amepigiwa simu? Kicheko hakizuii maswali hayo. Tena vipindi vya watu 4 kwenye kochi vinakufa kwa sababu moja: hakuna mwenye usukani. The View ya ABC kule Marekani, iliyoanzishwa na Barbara Walters mwaka 1997, inajaza meza watu wanaobishana kwelikweli, lakini daima kuna mmoja wa kufungua mada, kuikata na kuipeleka kwenye matangazo. Tangu 2007 ni Whoopi Goldberg. Kwetu wote 4 wanaongea pamoja, kila mmoja anapandisha sauti ili amshinde mwenzake, na mada ya dakika 8 inaisha bila mtu kumaliza sentensi.

Fundi Maiki

Na maiki 4 zikiwa wazi pamoja zinaokota sauti za wenzake, sauti ya kila mtu inakuwa ya pangoni. Fundi ashushe zile za wasioongea. Hawezi kuwahi wakirukiana kila sekunde 3. Usukani ukiwepo mezani, kazi yake inakuwa nyepesi.

Mzee wa Nakasero

Vijana, msisahau fedha. Televisheni ya taifa ilianza 1963, na ikawa UBC, Shirika la Utangazaji la Uganda, mwaka 2005. WBS, kituo binafsi, ilianza 1999 na kufungwa 2016. Kuanzia 2015 tulipozima mitambo ya analojia, vituo vikajaa, na wenye kampuni za kutangaza bidhaa ni walewale wakubwa wachache, nao wanapenda saa za habari za usiku. Mchana unabaki kuuzwa vipande vipande kwa wenye saluni, shule, vifaa vya jikoni, na hasa waganga wa mitishamba. Kwa hiyo "mgeni wetu wa leo" mara nyingi ndiye mteja.

Dalili zake ni rahisi kuziona. Namba ya simu inakaa kwenye skrini kipengele kizima. Mtangazaji hataji bidhaa nyingine ya aina hiyo. Mgeni yuleyule anarudi kila Jumanne. Maswali yote yanaanzia "tuambie faida". Kuuza muda wa hewani si kosa. Kosa ni kutoandika kwenye skrini kwamba hili ni tangazo.

Dawa Halali

Hapo kwenye mitishamba mzee amepiga penyewe. Matangazo ya dawa, ya mitishamba yakiwemo, ni eneo la Mamlaka ya Dawa, NDA, na maudhui ya hewani yako chini ya UCC, Tume ya Mawasiliano. Dawa inayonadiwa hadharani lazima NDA wawe wameipitisha. Mtangazaji hahitaji kuwa daktari kumbana mgeni. Amwombe aonyeshe namba ya usajili mbele ya kamera. Amuulize dozi kwa uzito na umri. Nani asitumie: wajawazito, wenye ugonjwa wa figo, wanaomeza dawa za presha au za virusi? Mgeni anayesema chupa 1 inatibu kisukari, vidonda vya tumbo na nguvu za kiume kwa mpigo, mtangazaji akitikisa kichwa kukubali, hapo kituo kimeshiriki.

Krimu za kung'arisha ngozi pia. Zebaki kwenye vipodozi ilikuwa na mpaka wa kimataifa, sehemu 1 kwa milioni, chini ya Mkataba wa Minamata, na tangu 2025 mkataba huo unakataza vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki. Haidrokwinoni ikitumiwa ovyo kwa muda mrefu inaweza kuleta weusi wa bluu unaogoma kutoka. Vipengele vya urembo vinaonyesha picha ya "kabla" na ya "baada" zilizopigwa kwa taa tofauti, na hakuna anayeomba karatasi ya viambato. Swali la chini kabisa: ina alama ya UNBS, shirika la viwango? Iko wapi kwenye kopo, tuione.

Binti Bombo

Ongezeni na lugha. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili kikatiba tangu 2005, Baraza la Mawaziri likasisitiza tena 2022, lakini nikitafuta kipindi cha mchana cha mapishi au afya kwa Kiswahili kilichotengenezwa Uganda, nachoka. Wa Arua, Busia na huku Bombo tunaishia chaneli za Kenya na Tanzania. Nzuri, ila sheria za dawa wanazotaja si zetu, bei si zetu, na hata miinuko, kama alivyosema ndugu wa Kigezi, si yetu. Hata maandishi ya Kiswahili chini ya skrini yenye vipimo tu, kwenye kipindi cha Kiluganda, yangetosha kuanzia.

Kemia Njeru

Nimesoma yote nikingoja mtu ataje sabuni ya maji. Hakuna kipengele kinachorudiwa mchana kama hicho, na hakuna kinachofundishwa vibaya kuliko hicho. Mama mjasiriamali anamimina, anakoroga, povu, makofi. Vipimo: "chumvi kiasi, kostiki kiasi". Kostiki kiasi inaunguza mikono ya watu!

Kwa lita 20 hesabu iko hivi: kilo 1 ya asidi ya salfoniki, ile nzito ya kahawia, kilo 1 ya ungerol, ule ute mzito unaotoa povu, na kostiki soda gramu 120 hadi 125 kwa ile asidi. Vaa glavu na miwani. Kostiki inatiwa kwenye maji baridi lita 1, kidogokidogo, kwenye ndoo ya plastiki. Usimimine maji juu ya kostiki, yanaruka yakiwa ya moto. Usitumie sufuria ya aluminiamu, kostiki inaila na kutoa gesi inayoshika moto. Acha ipoe. Ndoo nyingine yenye lita 10 za maji, mimina asidi polepole ukikoroga, kisha ongeza maji ya kostiki kidogokidogo ukipima kwa karatasi ya pH, inayoonyesha kama ni asidi au kostiki iliyozidi. Simama ukifika 7 hadi 8. Karatasi hizo ni za bei ndogo, na studio haijawahi kuonyesha hata moja. Bila karatasi unakisia tu: ikibaki asidi inachubua, ikizidi kostiki inachubua zaidi.

Ungerol inalainishwa pembeni kwa kuikoroga peke yake na chumvi kidogo mpaka iwe nyeupe, halafu maji kwa awamu, la sivyo inafanya madonge ya ute yasiyoyeyuka siku nzima. Unganisha, jaza mpaka lita 20, koroga taratibu, acha usiku kucha povu lishuke. Rangi na manukato mwishoni. Na kihifadhi kiwepo, maana sabuni bila kihifadhi inanuka na kuwa maji baada ya muda. Wengine hutia formalini. Mtangazaji akisikia neno hilo asimamishe kipindi, mvuke wake unaumiza macho na kifua, na inahusishwa na saratani.

MamaSigiri

Kemia, asante. Sasa chumvi. Wanasema ndiyo inayofanya sabuni iwe nzito, watu wanaongeza, inakuwa nyepesi kama maji. Hapo tatizo ni nini? Na inaokolewa?

Kemia Njeru

Mama, chumvi inafanya iwe nzito mpaka kilele fulani, ukipita kilele uzito unaporomoka na sabuni inapata ukungu. Kilele hutofautiana kwa ungerol ya kila muuzaji na kwa maji ya kisima au ya bomba, kwa hiyo usitie kavu kwa kukadiria. Yeyusha gramu 100 kwa kila nusu lita ya maji, hiyo uihesabu ndani ya zile lita 20. Tia kidogo, koroga, ngoja dakika chache, tazama inavyodondoka kwenye mwiko. Kawaida utaishia kati ya gramu 200 na 400 kwa lita 20, pamoja na ile uliyolainishia ungerol.

Usipojua uko upande gani wa kilele, chota kikombe 1, kitilie kijiko cha chai cha maji ya chumvi. Kikizidi kuwa kizito, ndoo bado inataka chumvi. Kikizidi kuwa chepesi, umeshapita. Chumvi haitoki tena, hivyo lainisha ungerol robo kilo kwa maji bila chumvi, itie kidogokidogo kwenye ndoo mpaka uzito urudi. Utapata lita 22 au 23 badala ya 20.